Kulinda mimea adimu kwenye madimbwi ya msimu Bagamoyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa kamati za mazingira za vijiji, walimu, wafugaji, wenye mashamba yanayopakana na hifadhi, na yeyote aliyekabidhiwa dimbwi linalojaa masika na kukauka kiangazi. Hifadhi tunazozizungumzia ni ndogo: ekari tatu, ekari moja, pengine nusu ekari. Kwa udogo huo trekta moja au mtaro mmoja, kwa kazi ya siku moja, unatosha kumaliza kila kitu.

Dimbwi limekauka tangu Julai, limebaki tope lililopasukapasuka. Kuna nini cha kulinda hapo?

Mnachokilinda mnakikanyaga. Mimea ya madimbwi haya hupita kiangazi kwa namna mbalimbali. Ile ya jenasi ya Aponogeton hubaki kiazi kidogo ardhini, majani yote yakiwa yameoza na kupotea. Mingine hufa kabisa na kuacha mbegu. Marsilea, kile kikangaga chenye vijani vinne vilivyopangwa kama msalaba, huacha vidonge vigumu vidogo kuliko punje ya dengu. Vidonge hivyo hukaa vikavu miaka mingi, na siku vikilowa vinaota. Hata samaki wapo: wale wadogo wa rangirangi wa jenasi ya Nothobranchius, wanaopatikana kwenye madimbwi ya mabonde ya Ruvu na Wami, hutaga kwenye tope, hufa maji yakiisha, na mayai yao husubiri mvua.

Akiba ya mbegu kwa sehemu kubwa iko kwenye sentimita tano za juu. Jembe likipita hapo Septemba, mbegu zilizokuwa juu zinafukiwa sentimita ishirini chini. Mbegu nyingi za mimea ya majini ni ndogo kama vumbi na huhitaji mwanga ili ziote. Zikifukiwa hivyo ndiyo basi. Kwa hiyo ulinzi haukomi maji yakikauka. Kiangazi ndipo watu huona "eneo tupu" na kulipitisha njia ya pikipiki, kuchimba udongo wa matofali au kumwaga kifusi.

Kuna mtu amejitolea kulichimbia dimbwi liwe na maji mwaka mzima. Si ndiyo kuliboresha?

Mshukuruni, kisha mkatae. Kati ya makosa yote hili ndilo tunaloliogopa zaidi, kwa sababu hufanywa kwa nia njema, kwa fedha, na kwa kijiko cha kuchimbia.

Mimea hii inauhitaji ukavu kama inavyoyahitaji maji. Ukavu ndio unaofukuza washindani wake. Maji yakidumu, kambale na perege wanaingia na mafuriko na hawaondoki. Wanafukua tope, wanakula machipukizi na mayai ya vyura. Matete nayo hupata muda wa kushika mizizi, na baada ya misimu michache yamefunika maji yote, mmea wa urefu wa kidole hauoni jua tena.

Halafu kuna suala la sakafu. Madimbwi mengi ya pwani hushika maji kwa sababu ya tabaka la mfinyanzi mzito, na chini yake mara nyingi kuna mchanga. Tabaka hilo linaweza kuwa jembamba. Kijiko kikilitoboa, dimbwi lililokuwa likikaa na maji miezi minne linakauka ndani ya wiki. Mtakuwa mmetumia fedha kutengeneza shimo kavu.

Kama shida ni maji ya mifugo, chimbeni lambo mahali pengine, upande wa chini wa mteremko. Likichimbwa upande wa juu litakamata maji yaliyokuwa yakienda dimbwini.

Mvua ikichelewa, tunaweza kulijaza kwa maji ya kisima?

Hapana. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na dimbwi halina njia ya kuitoa: maji yanapaa, chumvi inabaki. Mvua ikishindwa mwaka mmoja, mbegu zinajua kusubiri.

Tutajuaje kwamba mmea ni adimu kweli, wala si gugu la kawaida?

Kwa macho tu hamtajua. Yungiyungi la buluu linalovutia kila mgeni, Nymphaea nouchali, limeenea sana Afrika. Kinyume chake, kile kinachofanana na nyasi chenye kichwa cheupe kama kifungo cha shati kinaweza kuwa Eriocaulon isiyojulikana kwingine kokote. Kanuni yetu: msiamini uzuri.

Utambuzi huanza na picha nne: mmea mzima ukiwa mahali pake, ua kwa karibu, jani pande zote mbili, na tunda au mbegu. Wekeni sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Picha ya ua peke yake, ambayo ndiyo watu wengi huleta, mara nyingi haitoshi. Ndago na jamaa zake hutenganishwa kwa vitunda, na Aponogeton kwa ua na shuke lake.

Sampuli ya kukausha ichukuliwe tu kama mimea iliyopo inazidi ishirini, na aliyepewa kibali ndiye aichukue. Ilazwe ndani ya gazeti, magazeti yabanwe kati ya maboksi yaliyokatwa, juu pawekwe jiwe au mkanda. Gazeti libadilishwe kila siku kwa wiki nzima. Kwa unyevu wa pwani, ukiacha siku mbili tu unakuta ukungu. Mmea wa majini unaojikunja ukitolewa nje uwekwe kwanza uelee kwenye beseni la maji, karatasi iingizwe chini yake, kisha inuliwe pole pole pamoja na mmea. Kwenye kibandiko andikeni tarehe, kijiji, alama za GPS, kina cha maji, rangi ya ua (rangi hupotea ikikauka) na jina mnaloliita wenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Mimea Mikavu iko Arusha, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina mkusanyiko wake na wataalamu wa mimea.

Mwaka jana ulichanua kila mahali. Mwaka huu hatukuuona hata mmoja. Umetoweka?

Msitangaze msiba mapema. Mimea hii huchagua miaka. Masika yakiwa mafupi, mbegu zingine hukataa kuota; maji yakija kwa ghafla na kuwa ya kina kirefu, mimea ya pembezoni hukosa nafasi na ya katikati hustawi. Misimu mitano mfululizo yenye mvua nzuri bila kuuona ndiyo ianze kuwatia wasiwasi, na hata hapo kwanza angalieni kama kuna kilichobadilika: mtaro mpya, kivuli kipya, shamba jipya upande wa juu.

Tuhesabu vipi ili takwimu zitufae?

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hesabu mbovu ni mbaya kuliko kutohesabu.

Anzeni na kijiti cha kina. Chukueni mbao ngumu ya mita mbili, mpake mistari kila sentimita tano kwa rangi ya mafuta, mpigilie dimbwi likiwa kavu pale penye bonde la chini kabisa, nusu mita iingie ardhini. Kila wiki, siku ileile, mtu mmoja asome kina kwa darubini au kwa macho akiwa ukingoni. Tarehe mbili zina thamani kuliko zote: siku maji yalipotuama mara ya kwanza, na siku yalipoisha. Baada ya miaka michache, tarehe hizo mbili zitawaeleza mambo ambayo hakuna mtaalamu atakayeyasema kwa kulitazama dimbwi siku moja.

Kisha mstari. Pigeni vigingi viwili, kimoja kila ng'ambo, mstari upite kwenye kina kirefu. Msitumie nondo, zitang'olewa na kuuzwa chuma chakavu. Vigingi vya mti mgumu vinatosha, na kila kimoja kipigwe picha pamoja na mti au jiwe la karibu ili kikipotea kirudishwe palepale. Kati ya vigingi vutieni kamba ya nailoni yenye fundo kila mita. Kamba ya katani, pamoja na kwamba Tanga ni jirani na mkonge ni wetu, haifai kwa kazi hii: ikilowa hubadilika urefu, na fundo la mita ya kumi halitakuwa tena mita ya kumi.

Kila baada ya mita mbili wekeni fremu ya mita moja kwa mita moja. Mabomba manne ya plastiki ya inchi moja na kona zake nne, yaliyogundishwa vizuri yasiingize maji, huelea, na fremu inayoelea haiwapondi mimea chini yake. Mmoja anahesabu na kutaja kwa sauti, mwingine anaandika kwa kalamu ya risasi, wino hutiririka. Hesabuni mashina. Majani ya yungiyungi yanaelea mbali na shina, shina moja linaweza kuwa na majani kumi, na mwenye kuhesabu majani atadhani ana mimea kumi. Penye shaka, fuateni kikonyo kwa mkono hadi chini.

Ingieni mara tatu kwa msimu: wiki mbili au tatu baada ya maji kujaa, katikati, na maji yanapopungua hadi kifundo cha mguu. Hiyo ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo wakati vimea vidogo vya topeni huchanua kwa siku chache tu. Mtembee upande mmoja wa kamba daima, uleule kila mwaka. Upande mliokanyaga si wa kuhesabiwa.

Tuweke uzio?

Uzio unapendwa kupita kiasi. Unapigwa picha, unaandikwa kwenye ripoti, na hauzuii maji yenye mbolea kupita chini yake. Kabla ya kununua waya, tembeeni eneo zima ambalo maji ya dimbwi hutoka. Mtakayoyakuta huko kwa kawaida ndiyo yanayostahili fedha. Kama tatizo ni magari na pikipiki, magogo machache au mtaro mfupi wa nje kwenye njia wanayopitia unatosha, ilmradi mtaro huo usielekee dimbwini wala kutoa maji yake. Ua wa minyaa usipandwe karibu. Utomvu wake ni sumu na huumiza macho ya anayeukata.

Ng'ombe na mbuzi wafukuzwe moja kwa moja?

Si moja kwa moja. Kwato kwenye tope laini hung'oa viazi, huzamisha miche na kuacha mashimo. Lakini dimbwi lisiloliwa kabisa kwa miaka kadhaa huvamiwa na nyasi ndefu, nyasi hulala, na chini yake hakuoti kitu. Tumeona ratiba hii ikikubalika pande zote: mvua za kwanza za masika zikianza hadi mbegu zipukutike, kwa kawaida mwisho wa Julai, mifugo isiingie. Agosti hadi kabla ya vuli, udongo ukiwa mgumu kiasi kwamba kisigino hakiachi alama, waruhusiwe kupita na kula nyasi kavu, wasilale humo. Samadi ya zizi la usiku mmoja ni mbolea kuliko dimbwi linavyohitaji.

Mfugaji aambiwe tarehe kabla ya msimu, na aonyeshwe maji mbadala. Kumkataza bila kumwonyesha maji ni kumwambia aje usiku.

Moto je?

Njia ya kuzuia moto ifunguliwe Juni au Julai, nyasi zikishaanza kukauka na kabla watu hawajaanza kuchoma. Upana wa mita nne hivi, ipaliwe hadi udongo uonekane, na ipite nje ya ukingo wa juu kabisa wa maji. Kuna waliowahi kupalilia njia ndani ya bonde lenyewe kwa kuwa ni tambarare. Hapo ndipo ilipo akiba ya mbegu. Wakati wa kiangazi kirefu upepo ni wa kusi, kwa hiyo upande wa kusini uwe mpana zaidi. Kiangazi kifupi cha Januari na Februari ni cha kaskazi, na upande huo nao usisahaulike.

Nyasi zikiwa zimejaa kupita kiasi, fyekeni kwa kwanja dimbwi likiwa kavu na mziondoe. Kuziacha palepale ni sawa na kutandika mkeka juu ya mbegu.

Jirani analima mpunga hadi ukingoni. Kuna ubaya gani, si maji ni yaleyale?

Maji ya mvua ni masikini wa virutubisho, na mimea hii imezoea umasikini huo. Utricularia, kwa mfano, haina mizizi. Hujilisha kwa vifuko vidogo vinavyonyonya viumbe wadogo mno wa majini kwa kasi ambayo jicho haliioni. Mbolea ya urea au DAP ikishukia dimbwini, mwani wa kijani unafunika maji na Utricularia inafia gizani.

Ombeni ukanda wa nyasi usiolimwa wa mita ishirini upande maji yanakoingilia. Hata kumi si haba. Mbolea iwekwe kwa vipindi, kiasi kidogo kidogo, wala si usiku wa kuamkia mvua. Dawa ya kuua magugu ipulizwe asubuhi kabla upepo wa baharini haujaanza, pua ya bomba ikiwa chini karibu na magugu, na ndoo zisioshewe dimbwini. Baadhi ya dawa za glaifoseti zina sabuni ndani yake inayoua viluwiluwi wa vyura hata pale ambapo dawa yenyewe ingewaacha.

Kuna jambo ambalo mkulima mwenyewe hulielewa haraka: mpunga pori wa madimbwini, Oryza longistaminata, ni ndugu wa mpunga wake. Kutoka kwenye mmea huo watafiti walipata jeni ya Xa21, inayokinga mpunga dhidi ya ugonjwa wa bakteria wa kuungua majani. Ni kweli pia kwamba mpunga pori ukiingia shambani ni gugu sumbufu lenye mizizi inayotambaa. Ndiyo sababu nyingine ya kuacha ukanda katikati.

Kuna mtaro wa zamani unaotoa maji. Tuuzibe vipi?

Fanyeni Agosti au Septemba, udongo ukiwa mkavu na kabla ya vuli.

Kwanza ondoeni nyasi na tope laini ndani ya mtaro, sehemu ya urefu wa mita tatu au zaidi, hadi mguse mfinyanzi mgumu. Msipofanya hivyo maji yatatambaa kati ya udongo mpya na wa zamani. Kisha jazeni kwa mfinyanzi, ule uliotupwa pembeni mtaro ulipochimbwa ukiwa bado upo. Mchanga na kifusi havifai. Mwageni tabaka la sentimita kumi na tano, lowesheni kidogo liwe kama udongo wa kufinyanga chungu, shindilieni kwa gogo zito hadi kisigino kisizame, ndipo tabaka lingine. Malizeni kwa kupandisha sentimita ishirini juu ya usawa wa ardhi, kwa kuwa udongo utashuka. Juu yake pandikizeni vipande vya nyasi za hapohapo.

Kinachoharibu kazi hii karibu kila mara ni mabonge makavu yaliyorushwa tu na koleo. Kwa nje huonekana zibo. Ndani kuna matundu, na mvua kubwa ya kwanza hupita humo.

Mtaro ukiwa ni wa barabara au wa shamba la mtu, msiuguse kabla ya makubaliano. Na ofisi ya bonde ijulishwe. Kwa Bagamoyo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Magugu vamizi yapi tuyawahi?

Magugu maji (yale ya maua ya zambarau yanayoelea) yang'olewe siku ileile yanapoonekana, yaanikwe mbali na maji, mahali ambapo mvua haiwezi kuyarudisha. Mbegu zake hukaa topeni miaka mingi, hivyo palipong'olewa pakaguliwe kila msimu.

Mimosa pigra, kichaka chenye miiba na majani yanayojikunja yakiguswa, ni mbaya zaidi kwenye madimbwi ya msimu kwa sababu vitumba vyake huelea na kusambaa maji yanapopanda. Kateni mzizi chini ya udongo, sentimita kumi hivi, kabla haijatoa mbegu. Ukikata shina tu inachipua matawi kumi. Vitumba vilivyokomaa viwekwe kwenye gunia lisilotoboka na kuchomwa nje ya hifadhi. Gugu karoti nalo likaguliwe njiani na kwenye maegesho; huja na matairi.

Msing'oe chochote ambacho hamjakitambua. Kila mwaka kuna kikundi kinachojitolea "kusafisha" dimbwi na kuondoka na kile kilichokuwa kikilindwa.

Shule inataka kupanda miti kuzunguka dimbwi.

Ipande kwingine. Mikaratusi hunywa maji, mivinje hutandika vijani vizito visivyoozeka upesi, na hata mti wa asili huleta kivuli mahali ambapo hapakuwa na kivuli. Wanafunzi wapewe kijiti cha kina wakisome kila Ijumaa. Ni kazi yenye faida zaidi.

Dimbwi linazalisha mbu. Kwa nini lisifukiwe?

Swali la haki, na hatutasema kwamba dimbwi halina mbu. Lakini mbu wa malaria wa kundi la Anopheles gambiae hupenda vijimaji vidogo vyenye jua visivyo na maadui: nyayo za ng'ombe, michirizi ya matairi, mashimo ya matofali. Dimbwi lenye wiki kadhaa lina mabuu wa kereng'ende, wadudu waogeleaji na samaki wake wadogo, wote wakila viluwiluwi vya mbu. Kwa hiyo anzeni kusawazisha nyayo na michirizi ya pembezoni. Pakihitajika dawa, itumike ya kibiolojia yenye bakteria ya Bti, ambayo huua viluwiluwi vya mbu na kuacha viumbe wengi wengine. Kiwanda kipo Kibaha, mkoa huuhuu. Mafuta machafu ya gari hayaruhusiwi kabisa. Wala msilete samaki wa kufuga eti wale mbu.

Kuingia majini kuna hatari?

Ipo ya kichocho. Konokono wa jenasi ya Bulinus, wanaobeba vimelea vyake, wanaishi kwenye madimbwi ya pwani. Vaeni gambuti zisizovuja, na mikono ikilowa ifutwe papo hapo. Karibu na Ruvu na Wami hakikisheni kwanza kwamba kiboko au mamba hakuhamia humo na mafuriko. Gambuti zisuguliwe tope na kukaushwa kabla ya kwenda dimbwi lingine, kwa kuwa mbegu za magugu husafiri ndani ya tope.

Tukusanye mbegu kama akiba?

Ndiyo, kwa kiasi. Msizidishe sehemu moja ya tano ya mbegu zilizokomaa siku hiyo, na zitoke kwenye mimea mingi, hamsini ikiwezekana, kidogo kutoka kila mmoja. Aina ya mmea yenye mashina matano tu dimbwini iachwe.

Tunda la yungiyungi huivia chini ya maji, hupasuka, mbegu huelea muda mfupi kisha huzama. Ukingoja uone mbegu umechelewa. Lifungeni tunda likiwa bado gumu ndani ya kipande cha chandarua kikuukuu, mbegu zibaki humo. Mbegu za Aponogeton zisikaushwe. Zipandwe palepale juu ya tope lililolowa. Za ndago na nyasi zikaushwe kivulini kwenye bahasha za khaki. Mifuko ya plastiki huziozesha. Hewa ya Bagamoyo ina unyevu mwingi, hivyo zikishakauka kwa kugusa ziingizwe kwenye chupa ya kioo pamoja na mkaa uliokaushwa jikoni na kupoa, uzito sawa na mbegu, mkaa ukiwa ndani ya kitambaa. Badilisheni mkaa mara mbili. Jina na tarehe viandikwe ndani na nje. Kibandiko cha nje hubanduka.

Sehemu imeharibiwa na trekta. Tuirudishe vipi?

Njia bora ni tope la dimbwi hilohilo. Kiangazi, kwanguweni sentimita mbili za juu kutoka vipande vidogo vilivyotawanyika kwenye sehemu nzima, jumla isizidi sehemu ya kumi ya eneo zima. Sawazisheni michirizi ya trekta, mwageni tope hilo unene wa kidole, mkanyage kidogo. Msiweke samadi, msimwagilie, msipande nyasi. Matokeo yaangaliwe baada ya masika mbili. Tope la dimbwi la kijiji kingine lisiletwe. Linakuja na magugu yake.

Dimbwi dogo kama letu linalindwa na sheria gani?

Tanzania iliingia Mkataba wa Ramsar, wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, lakini maeneo yake manne (Malagarasi-Muyovozi, bonde la Ziwa Natron, bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa) ni makubwa na yako mbali na ninyi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na ufukwe wa bahari au ziwa la asili, na inampa Waziri mamlaka ya kutangaza ardhioevu kuwa eneo la hifadhi. Kwa dimbwi la ekari moja, msingoje tangazo la Waziri.

Silaha yenu ni sheria ndogo ya kijiji. Halmashauri ya Kijiji inaandaa rasimu, Mkutano Mkuu wa Kijiji unaijadili na kuikubali, kisha inapelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Eneo lionyeshwe pia kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, pamoja na ukingo wa juu wa maji na ukanda wake. Rasimu nyingi huanguka kwa sababu zimepima mpaka dimbwi likiwa kavu: pimeni Mei, maji yakiwa juu kabisa, mpige vigingi siku hiyohiyo. Na muandike "hata likiwa halina maji". Bila maneno hayo mvunjaji atasema Oktoba kwamba hakuona dimbwi.

Mgeni anataka kuchukua mmea au kiazi chake.

Aonyeshe kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na ridhaa ya kijiji, na kama ni cha kusafirisha nje, cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA. Okidi zote, pamoja na zile za ardhini zinazochomoza kwenye nyasi chepechepe, zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hivyo haziruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali chake.

Tunaweza kuweka picha mtandaoni?

Picha ndiyo, mahali hapana. Zimeni kwanza alama ya mahali kwenye kamera ya simu, kwa kuwa GPS hubaki ndani ya picha hata msipoiandika. Taja wilaya, usitaje kijiji. Na mti, mnara au bango linalotambulika likiwa nyuma ya ua, kata picha.